Fundi Akiwa Mwalimu, Ajifunze Nini?

Kiswahili kimeyaweka maneno fundi, mwanafunzi, mafunzo na kufundisha katika ukoo mmoja, na huenda ndiyo maana tunaamini upesi kwamba anayeijua kazi anaweza kuifundisha. Imani hiyo ndiyo inayotuongoza tunapoajiri walimu wengi wa vyuo vya ufundi stadi. Tunamtafuta seremala hodari, fundi umeme mwenye cheti au mshonaji mwenye jina, kisha tunamkabidhi karakana na vijana ishirini. Mambo yasipokwenda vizuri, tunamwita semina. Mada za semina hizo zinajulikana: matumizi ya kompyuta, mbinu shirikishi, ujasiriamali, jinsia, ushauri nasaha, uandaaji wa azimio la kazi na andalio la somo. Zote zina maana na sina ugomvi nazo. Ninacholalamikia ni kwamba mada iliyo moyo wa kazi yenyewe mara nyingi haimo: namna ya kuichambua kazi ya mikono, kuigawa katika hatua, kuitafutia maneno na kuipangia utaratibu wa kujifunzwa na mtu asiyeijua. Hoja ya makala haya ni kwamba mada hiyo ndiyo iwe shina la mafunzo kazini ya walimu wa ufundi, na nyingine zote ziwe matawi yake.

Tuchukue kuchomelea vyuma. Fundi mzoefu anapoanza kuchomelea, macho yake hayautazami mwale mkali. Yanakitazama kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, maana hicho ndicho kinachomwambia kama mkono unakwenda kasi mno au unachelewa. Masikio nayo yako kazini. Mwale wenye urefu unaofaa, ambao ni takriban sawa na unene wa kijiti cha kuchomelea, hutoa mlio mfululizo kama wa kitu kinachokaangwa. Kijiti kikiwa mbali mno cheche hutawanyika na mshono huingia vitundu. Kikiwa karibu mno hunata. Wakati huohuo kijiti kinaliwa, kwa hiyo mkono unashuka kidogokidogo huku ukisonga mbele, na pembe haibadiliki. Mwulize fundi huyo anafanyaje, atakujibu kwamba mkono utulie na macho yawe makini. Hakufichi kitu. Hatua zote hizo zimeshaungana ndani yake hata hazioni tena moja moja, kama msomaji mzuri asivyoziona herufi. Michael Polanyi, mwanasayansi na mwanafalsafa mzaliwa wa Hungary, aliandika kitabu mwaka 1966 kuhusu maarifa ya namna hii, ambayo mtu anayo na anayatumia lakini hawezi kuyataja yote. Kwa mwalimu wa ufundi hili ni tatizo la kila siku: kadiri anavyobobea katika kazi ndivyo hatua zake zinavyozidi kujificha hata kwake mwenyewe. Mwanafunzi aliye kando yake anaona mwanga na kusikia kelele, na hakuna aliyemwambia kwamba kelele ile inatoa taarifa.

Tatizo hili si geni, na waliolishughulikia zamani wameacha zana ambazo hatuzitumii vya kutosha. Mnamo 1868 Victor Della-Vos, mkuu wa chuo cha ufundi cha kifalme mjini Moscow, aliachana na desturi ya kumpeleka mwanafunzi karakanani akatazame na kusaidia mpaka aelewe. Alizichambua kazi za kila fani, akatoa mazoezi yaliyopangwa kuanzia rahisi hadi magumu, kila zoezi likiongeza jambo moja jipya. Vifaa vya mazoezi hayo vilipoonyeshwa katika maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876, walimu wa Marekani waliona kwa mara ya kwanza ufundi uliopangwa kama hesabu inavyopangwa. Miaka 40 hivi baadaye, Vita Kuu ya Kwanza ilipodai meli kwa haraka, Mmarekani Charles Allen aliandaa utaratibu wa hatua nne wa kuwafundisha wafanyakazi wapya wa viwanda vya meli: kumwandaa mwanafunzi, kumwonyesha kazi, kumwacha aifanye, kisha kumpima.

Utaratibu huo ulirudi kwa nguvu katika Vita Kuu ya Pili, kupitia mpango wa serikali ya Marekani uliojulikana kwa kifupi kama TWI, ulioendeshwa kati ya 1940 na 1945. Wasimamizi wa viwandani, watu wa mikono wasio na ualimu, walifundishwa kufundisha kwa saa 10 tu, na waliopitia mpango huo walizidi milioni 1. Somo la kwanza lilikuwa fundo la waya wa umeme. Mkufunzi alimweleza mtu kwa maneno matupu namna ya kulifunga, mtu akashindwa. Alimwonyesha mwingine bila kusema neno, naye akashindwa. Ndipo alipofundisha kwa hatua chache, kila hatua ikiwa na jambo lake nyeti, na mwanafunzi akalifunga fundo huku akieleza anachofanya. Baada ya hapo kila mshiriki alileta kazi moja ya kiwandani kwake, akaichambua kwenye karatasi na kumfundisha mwenzake mbele ya kundi zima. Karatasi hiyo ilikuwa na safu mbili: hatua, na jambo nyeti la kila hatua. Jambo lilihesabiwa kuwa nyeti kwa sababu moja kati ya tatu: likikosewa kazi inaharibika, likikosewa mtu anaumia, au likifuatwa kazi inakuwa nyepesi. Sijaona kipimo kilicho rahisi kuliko hicho cha kumsaidia fundi aone kile mikono yake ilichokisahau. Na angalia umbo la kozi yenyewe: saa 10, kazi halisi, wenzako wanatazama, unajaribu, unasahihishwa. Semina zetu nyingi hukaa siku tano hotelini bila mshiriki kushika kifaa hata kimoja.

Wapo watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba kuichambua kazi vipandevipande huzaa watu wa kufuata maagizo tu, wanaoshindwa mara kazi inapobadilika. Hofu hii imethibitika mahali pengi ambako mitaala ya umahiri imegeuzwa orodha ya vitu vya kuwekewa vema. Ndiyo maana karatasi ya uchambuzi lazima iwe na safu ya tatu, ya sababu. Asiyejua kwa nini waya wa ardhini huunganishwa hataujali siku msimamizi akiondoka. Lakini jibu kamili la pingamizi hili linataka jambo zaidi ya safu ya sababu, nalo ni mpangilio. Hapa Afrika ina somo la kufundisha ulimwengu.

Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Jean Lave alichunguza mafundi cherehani wa Monrovia, Liberia, na jinsi wanagenzi wao walivyojifunza. Aligundua kwamba mwanagenzi haanzi na kukata kitambaa, ingawa kukata ndiko kunakotangulia katika kutengeneza nguo. Anaanza mwishoni: kutia vifungo, kupiga pindo, kupiga pasi. Kisha anafika kwenye kushona, na kukata hujifunza mwisho kabisa. Vilevile huanza na kofia na nguo za watoto kabla ya kuaminiwa suti. Utaratibu huo una akili nyingi. Kosa la mwanzoni ni hasara ndogo, kwa kuwa kifungo kilichokosewa hutiwa upya lakini kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Zaidi ya hayo, anayemalizia nguo huiona ikiwa nzima kila siku, anajua kola inakaaje na mshono wa bega unabeba nini, hivyo siku ya kushika mkasi anajua kwa nini kitambaa kinakatwa vile. Lave na Etienne Wenger walikitumia kisa hicho katika kitabu chao cha 1991 kuhusu kujifunza kwa kushiriki, kitabu ambacho leo husomwa katika vyuo vikuu vingi vya ualimu. Mafundi wale hawakuandika nadharia yoyote, lakini walikuwa wametatua swali la mtaala. Mtaala ulioandikwa ofisini huelekea kufuata mpangilio wa uzalishaji, yaani vipimo, kukata, kushona, kumalizia. Mwalimu wa ushonaji aliyefunzwa kuuliza swali la mpangilio angeweza kuugeuza bila kuvunja kanuni yoyote, na mwanafunzi wake angekata akijua anakata nini.

Simaanishi kwamba mtaani kila kitu ni chema. Kwenye ujenzi wapo vijana waliobaki saidia fundi miaka na miaka, wakikoroga zege na kubeba matofali, kwa sababu hakuna aliyepanga lini watashika mwiko na timazi. Kuanzia pembeni kuna faida pale tu ambapo njia ya kuingia ndani ipo na inajulikana. Kuijenga njia hiyo ndiyo kazi ya mwalimu, na haiji yenyewe kwa sababu mtu amekuwa fundi miaka 15.

Kwa wanaoshikilia kwamba fundi bora anatosha, Ujerumani imefanya jaribio ambalo linafaa kusomwa kwa makini. Nchi hiyo, ambayo uanagenzi wake husifiwa kila mahali, imekuwa na kanuni tangu miaka ya 1970 inayomtaka anayewafunza wanagenzi katika kampuni athibitishe kwamba anaweza kufundisha, pamoja na kuwa na ujuzi wa fani yake. Mwaka 2003 serikali iliisimamisha kanuni hiyo ili kampuni nyingi zaidi zivutiwe kupokea wanagenzi. Tathmini ya taasisi ya serikali ya elimu ya ufundi, BIBB, ilionyesha madhara kwa ubora wa mafunzo, huku uachaji wa mafunzo ukiwa mkubwa zaidi katika kampuni zisizo na wakufunzi waliothibitishwa. Kanuni ikarudishwa tarehe 1 Agosti 2009. Wajerumani hawakukosa mafundi katika miaka hiyo sita. Walichopunguza ni sharti la fundi kujua kufundisha, na pengo likaonekana.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Teknolojia inakimbia, na mwalimu aliyetoka gereji miaka 20 iliyopita anafundisha kabureta wakati magari yanayoingia bandarini Dar es Salaam na Mombasa yanaongozwa na kompyuta; basi fedha zote zimrudishe kiwandani. Nakubaliana na sehemu kubwa ya hoja hii. Australia inamtaka mkufunzi aonyeshe kwamba ujuzi wake wa fani bado ni wa kisasa, na Finland ina utaratibu wa walimu kurudi kufanya kazi katika kampuni kwa vipindi. Sisi tunahitaji hayo kuliko wao, kwa fani za sola, magari na mashine zinazoendeshwa kwa programu hasa. Lakini mwalimu aliyekwenda kiwandani wiki sita bila zana ya uchambuzi hurudi na picha kwenye simu na hadithi za kuvutia. Aliyekwenda na swali, kwa mfano fundi wa kampuni ile anaanzia wapi kutafuta hitilafu gari lisipowaka na kwa nini anaanzia hapo, hurudi na somo. Tofauti ni kubwa, kwa sababu utafutaji wa hitilafu ni fikra isiyoonekana. Mikono ya fundi inaonyesha amepima betri kwanza, lakini haionyeshi mambo manne aliyoyaondoa kichwani kabla ya kuigusa. Mwaka 1989 mtafiti wa elimu Allan Collins na wenzake walipendekeza kwamba mafunzo ya aina hii yamtake bingwa afikiri kwa sauti mbele ya mwanafunzi, kisha mwanafunzi naye afikiri kwa sauti mbele ya bingwa. Mwalimu akiwa kiwandani anapaswa kumwomba mwenyeji wake jambo hilohilo. Na sharti la kurudi kwake chuoni liwe karatasi tatu au nne za uchambuzi zinazobaki karakanani, badala ya ripoti ya kwenda kwenye jalada.

Kuhusu vifaa nitasema machache, maana ukweli wake uko wazi. Huwezi kufundisha kuchomelea kwa picha, na karakana isiyo na umeme wa uhakika haiponi kwa ualimu mzuri. Tanzania Bara waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, iliyokuwa 6% ya mishahara hadi 2013 na kushushwa kwa awamu hadi 3.5% mwaka 2023, na ni sehemu tu ya makusanyo hayo inayokwenda VETA, mamlaka ya serikali ya ufundi stadi. Wanaodai sehemu hiyo iongezwe wana hoja. Hata hivyo uhaba wa vifaa unaiongezea hoja yangu uzito. Ukiwa na mashine moja na vijana ishirini, kila dakika ya mashine ni ghali, na mwalimu ambaye hajaichambua kazi huzipoteza nyingi kwa kurudia maelezo yaleyale. Aliyeichambua anajua hatua zipi zinaweza kuzoezwa bila mashine, kwa kijiti kikavu juu ya bati, kwa fundo la waya mezani, kwa karatasi badala ya kitambaa.

Mada nyingine za semina zinapata uhai zikipandikizwa kwenye shina hili. Upimaji ni mfano mzuri. Mfumo wa umahiri unamtaka mwalimu aamue kama mwanafunzi ameweza au bado, na geti lililonyooka linaweza kuficha mshono ambao chuma hakikupenya ndani. Walimu watatu wakikipima kipande kimoja kila mtu peke yake, kisha wakakikata na kulinganisha alama zao, watajifunza kuhusu upimaji kuliko katika siku mbili za mihadhara. Suala la jinsia nalo halimaliziki kwa kuhesabu wasichana waliosajiliwa katika fani ya magari. Linaanza mwalimu anapogundua kwamba jambo nyeti la kunyanyua gia ni jeki na mkao wa mwili, wala si misuli, na kwamba yeye mwenyewe kwa miaka mingi alikuwa akifundisha misuli.

Kuna jambo la lugha ambalo naliona kuwa utajiri uliolala. Vitabu vya maelekezo ya mashine huja kwa Kiingereza na mara nyingine Kichina, nayo karakana huzungumza Kiswahili: jiriwa, keekee, tupa, randa, patasi, pimamaji, spana, bisibisi. Majina ya vifaa tunayo. Kinachokosekana kwenye maandalio ya masomo ni maneno ya hisia za mkono na sikio, na hapo Kiswahili kina hazina kubwa, yaani tanakali za sauti na maneno ya kukolezea. Tunakaza nati ndi. Mchanganyiko wa lipu ukiwa chepechepe hautashika ukutani. Maneno haya huonekana kama mapambo ya mazungumzo, kumbe hubeba kipimo ambacho mwili unakielewa kabla ya namba. Mwalimu makini angeyakusanya, angewapa wanafunzi neno kwanza ili mkono upate mwelekeo, kisha namba ili mkono usidanganyike, kwa kuwa boliti za kichwa cha injini zikikazwa ndi bila spana ya kupimia mkazo huweza kukatika. Sioni kazi ya kuwaunganisha walimu wa ufundi na wataalamu wa Kiswahili iliyo nzuri kuliko hiyo.

Mfumo wa kuyafanya haya hauhitaji kubuniwa upya. Shule za msingi na sekondari Tanzania zina MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambamo walimu wa shule moja au kituo kimoja hukutana kujadili mada ngumu. Utafiti wa Bruce Joyce na Beverly Showers tangu miaka ya 1980 umeonyesha kwamba mwalimu anayesikiliza nadharia tu mara chache hubadili anachofanya darasani, na kwamba mabadiliko huja akionyeshwa, akajaribu, akasahihishwa na kusindikizwa na mwenzake kazini. Vyuo vya ufundi vina nafasi nzuri ya kufuata njia hiyo kwa sababu karakana tayari ni mahali pa watu kutazamana wakifanya kazi. Ugumu ni kwamba vyuo vingi vina mwalimu mmoja au wawili tu wa kila fani, na huko Kenya vituo vya ufundi vya ngazi ya chini viko chini ya kaunti kwa mujibu wa katiba ya 2010, hivyo walimu wa fani moja wana waajiri wengi. Mwalimu wa useremala anaweza hata hivyo kumtazama wa umeme akifundisha, na huenda akaona zaidi, maana yeye ni mgeni kama mwanafunzi. Asipoelewa, kuna hatua iliyorukwa.

Uharaka wa suala hili unatoka kwenye mageuzi ambayo tayari yameanza. Tangu Januari 2024 Tanzania imeanza kuufundisha mkondo wa amali, yaani wa ufundi, katika shule za sekondari, na shule hizo zinahitaji watu wawili ambao kwa kawaida hawapatikani katika mwili mmoja: mhitimu wa ualimu anayejua darasa lakini hajashika kazi kwa miaka, na fundi anayejua kazi lakini hajawahi kufundisha. Kuwagawia vipindi tofauti, mmoja nadharia na mwingine vitendo, ndiyo njia rahisi, na itamwachia mwanafunzi kazi ya kuunganisha vitu ambavyo walimu wake wenyewe hawakuviunganisha. Njia bora ni kuwakalisha mbele ya karatasi moja. Fundi anafanya kazi taratibu, mwalimu anauliza kila anapoona mkono umesita au umebadili mwendo, na wote wawili wanaandika: hatua, jambo nyeti, sababu. Kisha wanampa kijana mmoja ajaribu, na pale anapokwama wanairekebisha karatasi. Walioingia kidato cha kwanza cha amali mwaka 2024 watafika mtihani wa kidato cha nne mwaka 2027, na karatasi ya kwanza ya namna hiyo inaweza kuandikwa katika shule yoyote Jumatatu ijayo, kwa kalamu moja na saa mbili za watu wawili.